Ubeti wa Kabla ya Wokovu

Albamu ilikuwa na nyimbo kumi, na tisa zilishakamilika. Uliobaki ni ule wa ushuhuda, na ndio uliokuwa ukimkosesha raha dada mtu. Alikuwa ameketi kwenye mitambo ya kurekodia, katika chumba cha nyuma cha kanisa ambacho kuta zake zilibandikwa vipande vya magodoro ili kuua mwangwi.

Mdogo wake alikuwa upande wa pili wa kioo. Zamani mtaani walimwita Nyundo, na haikuwa kwa sababu ya useremala. Kanisani sasa ni Ndugu tu, mtu wa kupanga viti na kuwashika wazee mkono.

Ushuhuda nao una taratibu zake. Unaanza na kabla, unamalizia na baada, na kabla isipotisha waumini wanaanza kuchungulia simu. Wimbo ulifuata njia hiyohiyo. Ubeti wa kwanza ni Nyundo mwenyewe akisema, kama siku ile alipomvunja mama yao mkono kwa kuwa alimkataza asiuze televisheni. Wa pili ni neema. Mistari ilikuwa mikali, na mdundo ni uleule unaotikisa vioo vya magari ya vijana. Shida ni kwamba Ndugu aliughani kama anasoma matangazo ya ibada.

"Sikuamini," dada alimwambia kupitia kipaza sauti. "Rudia."

Akarudia.

"Bado. Kijana wa mtaani akisikia hivi atacheka. Unasikika mpole mno."

"Si ndivyo nilivyo sasa, dada?"

"Wimbo hautaki ulivyo sasa. Ile sauti ya siku ile unaikumbuka?"

"Naikumbuka. Naomba tuiache. Nimehangaika sana kuinyamazisha."

Mchungaji, aliyekuwa amejinyoosha kwenye kochi na soda yake, akacheka. "Itumie tu, mwanangu, umwaibishe shetani kwa silaha yake."

Maneno matamu hayo. Dada aliyaona ya busara, na hapo ndipo alipokosea, maana siku ile yeye alikuwa ndani ya nyumba na mchungaji hakuwepo.

Ndugu akazima taa upande wake. Mdundo ukaanza. Sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, ya taratibu, karibu ya kubembeleza. Nyundo hakuwa mtu wa kupayuka, na waliomjua walimwogopa zaidi alipokuwa mtulivu. Mwili ulimsisimka dada. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha, asikibonyeze, kwa sababu ilikuwa nzuri mno. Mungu amsamehe, ilikuwa nzuri mno.

"Haleluya," mchungaji alisema. "Hiyo sasa."

Ukaingia ubeti wa neema. Maneno ya toba yalitoka yote bila kukosewa hata moja, na yalitoka kwa sauti ileile. Mchungaji alifumba macho akitikisa kichwa kwa raha. Dada peke yake ndiye aliyesikia kilichotokea.

Mlango wa kioo ukafunguka. Mdogo wake alikuwa akitabasamu.

"Umeridhika, sista?"

"Kaa kidogo, tusali."

"Salini nyie. Mimi nina mizunguko yangu."

Akachukua koti lake, akampigapiga mchungaji begani kama anayepima ng'ombe, akatoka. Nje ya mlango alisikika akiongea na simu, polepole: "Ni mimi. Nyundo. Eeh, nipo. Napitia nyumbani mara moja, halafu nakuja."

Mchungaji aliomba apigiwe tena ubeti wa kwanza. Dada hakumjibu. Alikuwa akimpigia mama yake.

"Mama, funga mlango. Usimfungulie mtu."

"Una nini leo wewe?" Mama alikuwa akiosha vyombo kwa ule mkono wake mzima, vikisikika kugongana. "Nimfungie nani? Wewe uko kazini, na mdogo wako ana ufunguo wake. Si wewe mwenyewe uliyesema tumchongeshee?"