Utepe wa Arlo

Mashine ya kubania risasi ilikuwa imekazwa mezani gerejini kwa Verna Halvorsen, na juu ya parafujo yake, ile inayopanga kichwa cha risasi kikae wapi, kulikuwa na utepe mweupe wenye neno moja kwa mwandiko wa marehemu mumewe: USIGUSE. Miaka mitatu tangu Arlo azikwe, Verna alitumia mashine bila kuigusa parafujo hiyo. Alipima baruti kwenye mizani hadi chembe ya mwisho, akaimimina kwenye ganda la risasi, akaweka kichwa cha risasi na kuvuta mkono wa mashine taratibu. Montana nzima hakuna aliyekuwa na mkono mtulivu kama wake, na alilijua hilo vizuri tu.

Lakini bunduki ya Arlo ilikuwa imeanza kumtia aibu. Kwa yadi mia sita, matundu matano yaliyokuwa yakifunikwa na kikombe sasa yalitaka sahani. Jumamosi klabu yao ya kulenga shabaha ilikuwa na mashindano, na Verna alishaapa kwamba ikimwangusha tena ataitundika ukutani iwe pambo. Wazo hilo lilimuuma.

Dewey, mdogo wake Arlo, aliingia bila kubisha na kujimiminia kahawa.

"Mtutu umelika koo, shem," alisema. "Kila ukipiga, mifuo ya ndani inayozungusha risasi inalika kidogo pale mwanzoni. Kichwa cha risasi kinarukia hewani kabla hakijashika njia. Kisogeze mbele unywele tu."

"Kaka yako kaandika nini hapo?"

"Nimeona. Hata miwani sijavaa."

"Basi."

"Basi itundike, tupate pa kuning'inizia kofia."

Dewey alikuwa amesema kweli, na Verna mwenyewe aliijua kweli hiyo tangu theluji ilipoyeyuka. Ila parafujo ile ilikuwa imesimama pale pale vidole vya Arlo vilipoiacha, na Verna aliogopa kwamba akiizungusha atakuwa amemzika mara ya pili.

Hatimaye alichukua kisu, akaubandua utepe polepole usichanike. Chini yake palikuwa na kikaratasi chenye safu ya vipimo, kimoja kwa kila mwaka, vyote vimekatwa mstari isipokuwa cha mwisho. Kila majira ya kuchipua Arlo alikuwa ameizungusha parafujo, hatua ile ile, akilifuata koo la mtutu kadiri lilivyolika. Na chini kabisa aliandika: *Funika hapa, Dewey asije akagusa tena.*

Verna alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Niligusa mara moja tu," Dewey alisema. "Yule bwana alikuwa na kinyongo."

Verna alipangusa macho, akaizungusha parafujo hatua tatu, moja kwa kila mwaka ambao Arlo hakuwapo kuizungusha. Kisha akabana risasi za Jumamosi.

Jumamosi aliifuata shabaha yake, akamnyang'anya Dewey kikombe, akamwaga kahawa na kukigeuza juu ya karatasi. Matundu yote matano yalipotea chini yake.

Alipofika nyumbani aliandika kipimo kipya chini ya vile vya Arlo, akakata utepe mwingine na kuandika USIGUSE.

"Mimi tena?" Dewey aliuliza.

"Wewe tena," alisema Verna. "Mimi nitaigusa mwakani."