Zamu ya Rebeka

Elias alikuwa fundi wa injini za boti pale Kirumba, na kwa miaka yote ya ndoa yake aliwaita mashujaa wa mkewe midoli. "Mwalimu mzima unacheza midoli," alikuwa akimtania Rebeka, na Rebeka, aliyefundisha Kiingereza sekondari, alikuwa akimjibu kwamba fundi mzima anaogopa kufungwa na mwanamke. Ni kweli aliogopa. Kila akiitwa mezani alikuwa na injini ya kusingizia.

Rebeka aliwakuta mashujaa hao kwenye mitumba, ndani ya boksi lililochanika kona: watu wa plastiki wenye urefu wa kidole, mmoja ana mabawa, mmoja ana mwili wa mawe, mwingine ameshika radi mkononi. Kila mmoja amesimama juu ya kitako cha duara, na ndani ya kitako mna gurudumu dogo lenye namba zinazochungulia kwenye kidirisha. Namba hizo ndizo nguvu zake. Akipigwa unalizungusha gurudumu, linalia ka, na namba zinabadilika. Shujaa anachoka hivyohivyo, pigo kwa pigo, mpaka kidirisha kionyeshe alama nyekundu, hapo ametoka mchezoni. Rebeka alisoma karatasi ya maelekezo, akachora miraba nyuma ya kalenda ya zamani, akawapa mashujaa majina yake mwenyewe: Mama Mabawa, Mwamba, Radi.

Sasa Rebeka hakuwepo. Figo zilimuua, na siku aliyokata roho Elias alikuwa Ukerewe, amekwenda kwa kazi ya siku moja, injini ikamgomea akalala hukohuko. Aliyekuwa na mgonjwa ni Ng'washi, mama mkwe wake, aliyekuja kuuguza na akabaki mpaka msiba ukaisha. Jumamosi angerudi kwake Usagara.

Elias alitaka kitu kimoja tu kabla ya Jumamosi hiyo: kujua kama yule mama anamlaumu. Lakini angemuulizaje? Katika ukoo wao mkwe hakai uso kwa uso na mama mkwe, wala hali naye meza moja. Tangu msiba walikuwa wakiishi kwa shikamoo na marahaba, yeye sebuleni, mama nyuma ya pazia la mlango wa chumba. Chakula kiliwekwa kwenye kigoda, mwenye kukiweka akishaondoka ndipo mwenye kukila anakuja. Heshima ilikuwa imejaa nyumba nzima, swali likakosa pa kupita.

Alhamisi mvua ilinyesha na hakukuwa na kazi. Akalishusha boksi kutoka juu ya kabati, akafungua karatasi. Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha, lakini fundi anajua kusoma maelekezo. La kwanza kabisa lilisema: kabla ya kuanza, rudisha kila gurudumu kwenye namba ya mwanzo. Akamshika Mwamba, akazungusha. Ka, ka, ka. Akamshika Radi. Ka, ka. Akawamaliza wote, akajisikia kidogo kama mtu aliyeanza vizuri.

Nyuma ya pazia, ungo uliokuwa ukipeta mchele ulinyamaza.

"Mkwe," sauti ya Ng'washi ikasema, "unafanya nini?"

"Najifunza mchezo wa Rebeka, mama. Nawarudisha mwanzo."

"Wote?"

"Wote."

 Mama akalia kama siku ya msiba, "Aa, mwanangu! Aa, umemfuta!" Elias akasimama. Hakuelewa, na aliogopa kuelewa.

Ng'washi alipopata pumzi alimweleza. Katika miezi ile ya kuugua, Rebeka alimfundisha mchezo. Kalenda ilitandikwa kitandani, wakawa wanacheza mchana kutwa, mama na mwana. Siku ya mwisho zamu ilikuwa ya Rebeka, akasema amechoka. Akasema mashujaa wawekwe hivyohivyo, na namba zao, zisiguswe. Elias akirudi atamchezea zamu yake.

Elias akakaa chini sakafuni. "Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilingoja uulize." Sauti ilikuwa na ukali ambao hajawahi kuusikia. "Nilikukasirikia, ndiyo. Si kwa sababu hukuwepo, kazi ni kazi. Nilikukasirikia kwa kuwa ulirudi ukalitupa boksi juu ya kabati, hata kulifungua hukulifungua."

Lilikuwa jibu alilolitafuta, na liliuma kuliko alivyotarajia, maana lilikuwa la haki. Elias akalia bila kujificha. Pazia halikutikisika.

"Basi futa machozi," mama akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Namba zote zipo kichwani mwangu. Tandika kalenda."

Akatandika. Ng'washi akaanza kutaja, na kila anachotaja Elias akakiweka: "Radi pembeni kabisa, ametoka. Mwamba, wa kwangu mimi, mraba wa katikati, amebakiwa na mapigo matatu. Mama Mabawa, wa Rebeka, mbele yake, amebakiwa na pigo moja tu." Magurudumu yakalia moja moja, na nyuma ya pazia mama akasikiliza kila mlio kama mtu anayehesabu watoto wake wanaoingia ndani.

"Sasa ni zamu yake. Tupa dadu."

Elias akatoa dadu mbili boksini, akazitupa. Akajumlisha na namba ya Mama Mabawa, akalinganisha na ulinzi wa Mwamba, akajumlisha tena. Pigo lilikuwa limempata Mwamba. Akamshika Mwamba wa mama mkwe wake, na hapo mkono ukawa mzito. Mtu anampigaje mama mkwe, hata wa plastiki? Akazungusha kidogo. Ka, ka. Akamrudisha mahali pake.

"Nimesikia mbili," Ng'washi akasema. "Mama Mabawa anapiga tatu."

"Mama, mimi naona aibu."

"Aibu kaa nayo wewe. Zamu si yako, ni ya mwanangu, na yeye hakuwahi kunionea huruma hata siku moja. Piga."

Elias akazungusha. Ka. Alama nyekundu ikajitokeza kidirishani, akamlaza Mwamba juu ya kalenda.

"Ameshinda, mama," akasema. 

"Rebeka?" Mama akacheka, kisha kicheko kikageuka, kisha kikarudi kuwa kicheko. "Huyo! Siku zote nilikuwa namfunga."

Walikaa hivyo, kila mtu upande wake wa pazia, mvua ikigonga bati.  Elias akamfuta vumbi Mama Mabawa kwa pindo la shati, akamsimamisha tena mahali pake, na namba yake ya mwisho.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Warudishe wote mwanzo, tucheze. Sasa ruksa. Na Mama Mabawa nipe mimi."

Elias akaanza kuzungusha, taratibu, ili mama asikie kila mlio.