Jua la Nanyuki

Mimi niliacha shule darasa la sita, kwa hivyo mtu akinipigia hesabu kwenye karatasi simsikilizi. Nataka nione kwa macho. Na sola ya binamu yangu Moffat niliiona kwa macho, kwake Nanyuki, mwezi wa saba mwaka juzi: paneli nne juu ya mabati, betri mbili ndani ya stoo, friji inanguruma, na Moffat mwenyewe amekaa kitini akiniambia amesahau tokeni, zile namba za kulipia stima, hununuliwa vipi.

Nilirudi Wamagana nikauza ndama, nikamleta fundi yuleyule, nikamwambia aniwekee vilevile. Si paneli tatu, si tano. Vilevile.

Kazi hiyo ilifanyika Februari, na Februari kwetu hata wazee hutembea bila koti. Tokeni ya shilingi mia tano, ambayo zamani ilikuwa haimalizi wiki mbili, ilitufikisha Mei. Ilipoisha sikununua nyingine. Niliacha mita isome sifuri, na mgeni akija nampeleka kuiona kama watu wanavyoonyeshwa mtoto mchanga.

Mtu akifanikiwa anafaa kunyamaza. Mimi nilisimama mbele ya wanaume wa kanisa baada ya ibada nikasema kwamba nikinunua tokeni kabla ya Krismasi nitawachinjia mbuzi. Kwetu mbuzi hatajwi kwa mzaha. Gatimu, mwenyekiti wetu na mwenye duka la pale chini, aliniuliza mara mbili kama nimesema mbuzi. Nikaitikia mara mbili. Wakapiga makofi, na hapo mambo yakawa yamefungwa.

Sasa, mke wangu Phyllis ana mashine ya kuangua mayai. Wanawake wa kijiji humletea mayai ya kienyeji, kila mmoja anapewa trei yake, na baada ya siku ishirini na moja wanakuja na maboksi kuchukua vifaranga. Mashine hiyo ilikuwa inakula stima kuliko sisi wote. Nilipomwambia aihamishie kwenye sola aliniuliza jambo moja tu: mwezi wa saba je? Nikamjibu kwamba Moffat anaendesha friji mwezi wa saba. Mwezi huo ulipofika akapanga ndani mayai mia moja na sabini na sita ya wanawake tisa, wote watu anaokutana nao sokoni kila wiki.

Mtu yeyote aliyezaliwa huku kwetu Tetu anajua mwezi wa saba ni nini. Ukungu hushuka ukakaa juu ya majani chai kama mgeni aliyenusa chapati. Ng'ombe wa jirani humwoni, unamsikia tu. Mimi nimeyajua haya tangu nikiwa mtoto. Lakini sola niliiona Nanyuki, upande mkavu wa mlima, na kichwani mwangu nilikuwa nimenunua sola pamoja na jua lake.

Wiki mbili za kwanza jua lilichungulia kidogo, tukaponea hapo. Kisha likaacha kabisa. Nilizima televisheni. Nikamkataza binti yetu Shiku kuchaji simu, akawa anaipeleka kwa rafiki yake na kunitangaza njiani. Tukaanza kulala saa moja, kama kuku wenyewe. Siku ya kumi na nane nilipanda juu ya mabati na kitambaa, nikaanza kupangusa paneli. Tabby, jirani yetu, ambaye mayai yake ishirini yalikuwa ndani ya mashine, alisimama barabarani na debe lake la maziwa.

"Baba Shiku," akasema, "unapangusa sola ama unapangusa mawingu?"

Nilimpigia Moffat. Alisema kwake jua linachoma, niende nichote na debe. Nikakata simu.

Asubuhi ya siku ya ishirini, kipimo cha mashine kilisoma thelathini na sita, na kilifaa kisome thelathini na saba na nusu. Phyllis alikuwa ameifunika mashine kwa blanketi letu. Nilimwambia tungoje hadi saa sita, huenda ukungu ukainuka. Alitoa yai moja kwenye trei ya Warigia, yule mjane wa kule juu, akalileta akaniwekea sikioni. Ndani mlikuwa na kitu kinalia. Sauti ndogo, lakini ya mtu mwenye malalamiko.

"Mwambie huyo angoje Krismasi," akasema.

Nilichukua simu nikanunua tokeni ya mia tano papo hapo. Na nitasema ukweli, nilifikiri hakuna atakayejua. Namba zilikuja, nikaenda kwenye kile kidude cha kuingizia namba za mita, nikabonyeza. Kimya. Betri zake ndogo nilizitoa mwezi wa tano nikazitia kwenye redio, na redio ikazimaliza. Duka lenye betri lilikuwa moja tu.

Nilimkuta Gatimu akipima sukari, na wanaume wawili wa kanisa wamekaa kwenye benchi wakinywa soda. Niliomba betri mbili ndogo.

"Za redio?" Gatimu akauliza.

Ningesema ndiyo, angenipa, ningeenda zangu. Lakini bado nilikuwa na kile kilio sikioni, na kusimama pale kutunga uongo ni kupoteza dakika.

"Za mita," nikasema.

Gatimu aliweka mfuko wa sukari chini polepole. Wale wawili waliacha kunywa.

"Sisi hatuna haraka," akasema. "Ata Jumamosi ni sawa. Lakini mbuzi akuwe wa kunona, si ule wako wa kukohoa."

Nikalipa betri, nikapanda kilima mbio, mimi mwenye miaka hamsini na mbili. Mara ya kwanza nilikosea namba. Mara ya pili Phyllis alinisomea, nikabonyeza, taa ikawaka, tukairudisha mashine kwenye stima. Tulikaa mbele yake hadi kipimo kilipopanda. Siku iliyofuata mayai yalianza kupasuka, na kufikia jioni ya siku ya ishirini na mbili walikuwa vifaranga mia moja arobaini na tisa.

Sola bado iko. Miezi ya jua inafanya kazi yote, miezi ya ukungu tunaisaidia na tokeni, na hata hivyo kwa mwaka mzima stima tunayolipia haifiki nusu ya ile ya zamani. Ningesema hivyo tangu mwanzo, ningekuwa na mbuzi.

Siku ile ya kuchukua vifaranga, Warigia ndiye aliyekuja wa mwisho. Vifaranga wake kumi na sita walikuwa wanakanyagana ndani ya boksi, akawahesabu mara tatu. Alikuwa amesikia habari dukani, kwa hivyo akauliza, akinitazama mimi, kama hawa wameanguliwa na sola ama wameanguliwa na stima.

"Wameanguliwa na mimi," Phyllis akasema.

Nikalibeba boksi hadi kwa Warigia, kilima chote, nikienda taratibu ili wasitikisike.