Kiganja cha Bi Haya

Ndoto hii iliotwa mchana kweupe, saa ambayo watu wenye akili zao wanapalilia nyanya, kwa hiyo anayeamini kwamba ndoto za mchana ni upuuzi ana ruhusa ya kuondoka sasa hivi. Aliyeiota ni Aikande Nanyaro wa Ngarenanyuki, kule chini ya Mlima Meru ambako maji ya kunywa hutia meno rangi ya kahawia tangu utotoni, upige mswaki usipige. Watu wa kule wamezoea kucheka wakiwa wameziba midomo, vijana kwa viganja na akina mama kwa pindo la khanga, maana ukishuka mjini ukatabasamu kidogo tu, kuna mtu atakuuliza kama kwenu dawa ya meno haijafika. Aikande alichoshwa na swali hilo mpaka akaapa atakuwa daktari wa meno. Nafasi alisikia iko ng'ambo ya Namanga, kwenye chuo kimoja cha Kenya kilichotenga kiti kimoja kwa mwanafunzi wa kigeni, ada yote juu ya wafadhili. Bila kiti hicho, habari ya udaktari ilikuwa imekwisha.

Basi watu wa chuo walimsumbua, tena walimsumbua kwelikweli. Walitaka cheti cha kuzaliwa, akapeleka. Wakasema hicho hakina mhuri wa wakili, akapeleka chenye mhuri. Wakasema mhuri hausomeki. Walitaka barua ya mchungaji, na mchungaji alipokwisha kuiandika kwa mwandiko wake mzuri, wakauliza ni nani aliyeomba barua ya mchungaji. Kila mara Aikande alijibu "asante, samahani kwa usumbufu", kana kwamba yeye ndiye aliyewasumbua. Siku hiyo, baada ya kutoka shambani, simu ikaleta ujumbe: hujafikia kiwango, na mwenye pingamizi apige kabla ofisi haijafungwa leo saa kumi na moja, baada ya hapo kiti atapewa mwingine. Kiwango! Mtu aliyepata divisheni wani ya pointi nne, aliyesimamishwa kanisani akapigiwa makofi hadi mwinjilisti akasahau tangazo lililofuata! Aikande alizunguka uani akiwa na hasira za kuweza kung'oa kisiki.

"Nipige niwaulize, mama?"

Mama yake alikuwa akipukuchua maharage. "Acha, mwanangu. Wale ni watu wakubwa, wamesoma. Wakisema hujafika, wana sababu zao. Utapiga useme nini? Watasema binti wa Nanyaro hana adabu."

Aikande aliona kwamba maneno hayo hayana kichwa wala miguu, lakini akayatii, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Akajitupa kwenye mkeka barazani, simu kifuani, akijiambia kwamba anapumzika tu. Usingizi ukambeba hapohapo.

Alijikuta katika nchi ya ardhi nyeupe na kavu, yenye barabara moja tu, na kila aliyepita humo alikuwa na mkono mdomoni. Ubavuni mwake alitembea mwanamke mpole aliyejitanda vizuri, kiganja chake laini kikinukia sabuni ya kufulia, na kiganja hicho alikuwa amekiweka juu ya midomo ya Aikande kwa mapenzi, kama anayemfuta mtoto uji. "Mimi ni Bi Haya," alisema. "Nimekulea tangu ulipoota meno ya ukubwani. Twende polepole, mwanangu, tusimkwaze mtu." Aikande hakuona ajabu yoyote, maana mkono ule alikuwa ameuzoea kiasi cha kuusahau. Mkononi mwake mwenyewe alishika fimbo yake ya shule. Katika nchi aliyotoka, kila mtoto hupewa fimbo ndefu anapoanza masomo, na kila anapofanya vizuri mwalimu huikata kipande, hivi kwamba anayebaki na kigongo kirefu ndiye aliyeshindwa, na yake Aikande ilikuwa imekatwa ikakatwa hata ikalingana na mswaki. Aliibeba kwa fahari kubwa.

Mbele kidogo walikuta benchi lisilo na mwisho, na watu wamekaa wamebanana, chai mbele yao imepoa na kufanya ngozi. Mwanamke mnene aliyevaa gauni la kitenge lililombana alipigapiga ubao kwa mkono. "Keti, binti. Mimi ni Bi Subira. Ukitulia utaitwa." Jirani yake alikuwa mzee wa mvi tupu aliyekuwa akingoja kuanza mwaka wa kwanza. Bi Haya alishaanza kumkalisha Aikande, ndipo akatokea mwanamume mwembamba, viatu vimelika visigino, akipumua kwa kero ya mtu aliyezungushwa siku nzima. Akamshika Aikande mkono, akamwinua.

"Usikae hapo," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko uso wake. "Subira wa kweli namjua, ni dada yangu wa tumbo moja. Yeye hungoja huku anatembea, anauliza njia, na akifika mlangoni anabisha. Huyu ni Uzembe. Ameazima gauni la dada yangu, nawe tazama linavyomkataa mabegani. Mimi naitwa Kero. Nimekugonga kifuani tangu mwaka jana, na kila nikigonga wewe unaniambia asante, samahani kwa usumbufu. Watu hunifukuza wakidhani mimi ni ndugu yake Matusi. Sivyo. Kazi yangu ni kumwonyesha mtu mahali panapombana, basi, halafu aamue mwenyewe."

Wakaenda naye, Bi Haya akijikokota pembeni bila kuondoa kiganja. Walipita mji wa Njoo-Kesho, ambao nyumba zake zote ni madirisha, na kila dirisha lina mtu anayeelekeza dirisha linalofuata, na la mwisho linaelekeza la kwanza. Watu walizunguka humo na bahasha kwapani, wakiinamiana na kuombana radhi. Aikande alihisi hasira ikimpanda hadi masikioni, maana mji huu aliujua, alikuwa ameishi humo miezi mingi. Kero alicheka kwa uchovu. "Hapa hakuna mwenye roho mbaya," alisema, "ndiyo maana panaudhi hivi." Wakatoka kwa kupitia uchochoro.

Mwisho wa barabara palikuwa na lango jeupe, na ndani, kwa mbali, Aikande aliona viti vinavyolala chali, taa za kuning'inia, na watu wa kwao wamekaa wakicheka, vinywa wazi, hata wazee. Alimwona mama yake mle ndani. Langoni alisimama Bwana Kipimo, nadhifu, rula ndefu mkononi. Kijana aliyefanana sana na Sifaeli, binamu yake, alitangulia na fimbo ndefu mpaka ikagonga kizingiti cha juu, na Bwana Kipimo akampigia saluti. Kisha akaitazama ya Aikande.

"Hiki ni nini? Kijiti?" Akakipima, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Pole, dada. Wanaoingia hapa fimbo zao hupita mlango."

Aikande alitaka kupiga kelele kwamba kwao iliyo fupi ndiyo ya aliyeshinda, kwamba kila kipande kilichokatwa alikikeshea. Kiganja laini kikambana zaidi. "Usimfundishe mtu mzima kazi yake," Bi Haya alinong'ona. Aikande akamgeukia Kero amsemee, naye Kero akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi nimekuazima miguu tu," alisema. "Mtu huyu si adui yako. Ana rula moja, na tangu azaliwe hajaambiwa kwamba kuna nyingine. Lakini mdomo ni wako, na mimi sina ruhusa ya kuuingia."

Bwana Kipimo alianza kuvuta lango. Mle ndani mama yake alikuwa akififia kitini, kicheko chake kikizimika, na hapo Aikande akaudhika kuliko alivyowahi kuudhika maishani, akafunua meno yake ya kahawia na kukiuma kile kiganja kwa nguvu zake zote. Bi Haya alilia. "Nilikuwa nakulinda!" alisema, na sauti ilikuwa ya mama.

Akaamka akiwa anajiuma mkono. Kiganja chake mwenyewe kilikuwa juu ya mdomo wake, alama za meno zimejipanga vizuri, na saa ya simu ilionyesha saa kumi na nusu. Alikaa akazitazama zile alama, na mara akamkumbuka Sifaeli, huyo binamu aliyesoma Kajiado, Kenya, aliyekuja mwaka juzi akitamba kwamba mtihani umempa pointi sabini na nane, na ukoo mzima ukampa pole na kumwambia arudie shule. Siku ile walicheka sana. Aikande akaruka kutoka mkekani.

"Mama, wamenipima kwa rula ya Sifaeli!"

Mama hakuelewa kitu, na hakukuwa na muda wa kumweleza. Akapiga namba ya chuo. Simu iliita mpaka karibu ikate, ndipo sauti ya mwanamke ikasema, "Ofisi ya admisheni, nikusaidie aje?"

Mkono wa Aikande ulipanda mdomoni wenyewe. Akaushusha, akaukalia.

"Naitwa Aikande Nanyaro, kutoka Tanzania. Mmenikataa, na mmekosea."

Zikasikika karatasi. "Nanyaro... eeh, huyu. Uko na pointi nne, madam. Nne ni D plasi. Hatuwezi chukua daktari wa D plasi."

"Kwetu ya juu kabisa ni tatu. Fizikia nina A, Biolojia A, Kemia B. Anayeanguka ndiye anayepata nyingi."

"Ati kwenu aliyeanguka ndiye ako na nyingi?"

"Ndiyo."

"Haki ya nani!" Mwanamke akamwita mwenzake, wakasemezana, akarudi. "Sawa, nimesimamisha hiyo kiti, hakuna mtu anaichukua. Lakini mtuletee barua ya baraza lenu la mitihani, ieleze hivyo. Na iwe na mhuri."

Mhuri! Aikande alijaribu kusema asante, kikatoka kicheko, cha hasira na cha furaha pamoja, kikubwa mpaka kuku wakatawanyika uani, na mikono yote miwili alikuwa bado ameikalia.

"Wanasemaje?" mama aliuliza, maharage yamemmwagikia miguuni.

"Wanasema tuwaletee karatasi nyingine!"

Mama naye kicheko kikamshinda. Akapandisha pindo la khanga kama kawaida yake, likafika kidevuni, akamtazama binti yake, akaliacha likaanguka.