Ondiek na Dawa Inayochukia Jua

Tangu adungwe ile dawa, Ondiek aliishi kama popo. Mtaa mzima wa Huruma ulijua habari zake: fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye kansa ya ulimi, ametiwa mwilini dawa inayolala mpaka imulikwe. Ikimulikwa na taa ya daktari, inaua uvimbe. Ikipigwa na jua, inamla mwenyewe. Majirani waliapa kwamba hata ukiwasha kiberiti mlangoni kwake, anatoa moshi.

Siku ya taa ikaangukia wiki ya matokeo ya uchaguzi. Daktari alishasema: ukikosa leo, dawa itaisha nguvu, na nyingine hakuna. Basi Ondiek akavaa koti refu, glavu, na helmeti yake ya kuchomelea, ile yenye kioo cheusi, akatoka na mkewe Perez mchana kweupe.

Mbele kidogo, matairi yanawaka barabarani, vijana wameziba njia. Mmoja wao, Elphas, akainua rungu.

"Mzee, toa hiyo kitu tuone sura."

"Ni mgonjwa," Perez akasema. "Jua litamchoma."

"Jua gani la kuchoma mtu, Mama, na hii baridi? Mtu akificha uso siku kama leo, anaenda kuchoma nyumba."

Wenzake wakacheka. Ndani ya helmeti, Ondiek alichemka. Waliomchomea nyumba kule Kiplombe, kwenye vurugu za uchaguzi za mwaka wa elfu mbili na nane, walikuwa wamejipaka matope usoni. Aliona kitanda, cherehani ya Perez na mashine yake ya kwanza vikigeuka jivu. Leo anayeitwa mchomaji ni yeye.

"Mimi ndiye nilichomewa," akasema, ulimi mzito kama gunzi. "Wewe ulikuwa bado unatokwa kamasi. Sura hupati. Chukua mkono."

Akavua glavu, akanyoosha mkono juani. Perez akamvuta, Ondiek akakataa. Ngozi ikavimba, ikang'aa, kisha malengelenge yakachomoza. Kicheko kikakatika.

"Mzee, rudisha," Elphas akasema polepole. "Imetosha."

"Bado. Angalia vizuri. Hivi ndivyo mtu anaungua."

Elphas akasukuma tairi kando kwa rungu wapite, macho chini. Hakuomba msamaha, na Ondiek hakuungoja.

Hospitalini daktari aliuona ule mkono akafoka, kisha akaisogeza taa.

"Hii itauma, Mzee."

"Washa," Ondiek akasema. "Huu moto nimeuitisha mwenyewe."

Akafungua kinywa.