Tulishauriwa Kwenye Foleni ya Chai

Nilisafiri mwendo wa saa tano kutoka Belmullet, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Ireland, hadi Dublin ili nishauriwe, yaani niulizwe maoni. Wizara ilitaka kuunda kikosi cha polisi wa akiba, raia wa kujitolea watakaovaa sare baada ya kazi zao, na iliapa haitachukua hatua bila kusikia vyama vya polisi. Mimi niliwakilisha chama cha masajini. Colm Durkan, mwenzangu kituoni, aliwakilisha chama cha makonstebo.

Nilikuwa na swali moja: mtu wa kujitolea akikaa kwenye gari la doria, atahesabiwa kuwa yule polisi wa pili anayetakiwa katika kila gari?

Kwetu msaada wa karibu uko mwendo wa dakika arobaini. Mwezi Machi nilipigwa mpini wa jembe kichwani katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Nilipona kwa sababu Colm alijua la kufanya, na alilijua kwa sababu alifunzwa miaka miwili. Hawa wa kujitolea wangefunzwa wikendi chache.

Mlangoni tulitia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, tukapewa chai na sandwichi za mayai. Bwana Halligan wa wizara akatuonyesha michoro ukutani saa nzima. Nilipoinua mkono, akatazama saa.

"Maswali kwa maandishi, Sajini."

Niliandika mara tatu. Sikujibiwa hata neno.

Mwezi Juni tukaitwa tena. Kila kiti kilikuwa na ripoti. Ukurasa wa nne ulisema vyama vyote vimeshauriwa, tazama kiambatisho. Kiambatisho chenyewe kilikuwa nakala ya lile daftari la mlangoni, na jina langu lilikuwa la tatu.

"Colm," nikanong'ona, "kumbe tulishauriwa."

"Lini?"

"Tulipopanga foleni ya chai."

"Basi mimi nimeshauriwa mara mbili. Nilirudia sandwichi."

Nikasimama. "Bwana Halligan, swali langu la gari la doria liko ukurasa gani?"

"Hayo ni mambo ya utekelezaji, Sajini."

"Nani anakaa kando yangu nikipigwa, hayo ni utekelezaji?"

"Ulikuwepo. Ulitia sahihi."

"Nilitia sahihi kwamba nimefika!"

"Na sisi tumeandika kwamba umefika."

"Dympna, kaa chini basi," Colm akasema, "utapasuka mshipa."

Sikukaa. Daftari lilikuwa mezani kwa Halligan. Nikalifungua, nikachana ukurasa wenye jina langu, nikautia mfukoni.

"Hiyo ni mali ya serikali!"

"Karatasi ni yenu. Jina ni langu."

Jumamosi tangazo la kuandikisha watu wa kujitolea likatoka magazetini. Jumatatu mwenyekiti wa chama chetu, Malachy Prunty, akanipigia simu.

"Binti yangu, wizara wanataka barua. Mistari miwili tu ya kuomba radhi. Usipoandika, chama kinapoteza kiti kwenye mashauriano."

"Kiti cha kufanyia nini, Malachy? Wamejibu swali langu?"

Akavuta pumzi. "Wamejibu. Mtu wa akiba atahesabiwa wa pili kwenye gari."

"Walijibu lini?"

"Jibu liko kwenye waraka wao wa Aprili."

Aprili. Mkutano wetu wa kwanza ulikuwa Mei.

"Dympna? Mistari miwili tu. Nikuandikie mimi, wewe utie sahihi?"

"Usiandike. Siombi radhi."