Filamu za Monsieur Paulin

Tangu shule zifunguliwe, Monsieur Paulin hakuwa ameandika hata herufi moja ubaoni, na mimi si mtu wa kupitwa na jambo la namna hiyo. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikiwa préfet, mkuu wa shule hii ya Makomeno. Nimewashika walimu waliotiliwa saini kwenye daftari la mahudhurio wakiwa bado kitandani. Uvivu naunusa nikiwa ukumbini.

Paulin alikuwa akiwafundisha finalistes, wale wa mwaka wa mwisho, tamthilia moja ya kale, ya mjane anayekwenda kwa mfalme kudai maiti ya mwanawe. Kitabu kipo, kurasa tisini tu. Lakini yeye alifunga mapazia akawaonyesha filamu: mara mchezo uliorekodiwa katika jumba kubwa la Ulaya, mara ule uliochezwa na kikundi cha hapa kwetu katika ukumbi wa parokia kule mtaa wa Kenya, humu humu mjini, mjane akiwa amejifunga kikwembe, mara documentaire ambamo waigizaji wanaeleza kwa nini walisimama hivi na si vile. Wiki ya sita walikuwa bado kwenye onyesho lilelile moja. Mama mmoja wa mtaa wa Hewa Bora alikuja ofisini kuniuliza kama mtoto wake yuko shuleni au sinema. Nikakosa pa kuuweka uso wangu.

Nikaanza kufuatilia. Nilichukua kazi za wanafunzi alizosahihisha: maelezo ya wino mwekundu yalikuwa mazuri, makali hata, lakini mwandiko ulikuwa wa msichana. Nikamwita Chancelvie, kiranja wa darasa, nikamuuliza nani anasahihisha. Akasema ni Monsieur. Nikamuuliza tena, akatazama viatu vyake, akasema ni Monsieur. Hapo nikawa na uhakika: bwana huyu anastarehe, watoto wanamfanyia kazi. Nilikasirika kweli, maana ni rafiki yangu wa miaka ishirini, na nafasi hii mimi ndiye niliyemtafutia. Alhamisi asubuhi nikaandika ripoti ya kuomba aondolewe kabla ya examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza shule, nikaitia mfukoni, nikaingia darasani kwake kwa mlango wa nyuma bila kubisha, nikakaa kwenye benchi ya mwisho.

Hakugeuka. Alisimama kando ya ukuta wenye picha, mikono nyuma, akiuliza. Mjane yuko wapi? Merdi, kijana wa mstari wa mbele, akasema yuko pembeni ya kiti cha mfalme. Karibu kiasi gani? Anaweza kukigusa. Na anakigusa? Hapana. Katika ile filamu ya Ulaya je, alikigusa? Wakabishana, wakarudisha picha, wakabishana tena. Mimi nilikuwa nikimtazama yeye tu. Maswali, maswali, na hakuna hata moja alilolijibu mwenyewe. Uvivu mtupu, nikajisemea, tena wa kisomi.

Mara umeme ukakatika. Projekta ikazimika, lakini kompyuta ilikuwa na betri yake, sauti za waigizaji zikaendelea. Ukutani hapakuwa na kitu ila rangi iliyobanduka. Paulin aliendelea kuutazama.

"Na sasa mjane iko anafanya nini?" akauliza.

Nilingoja kicheko. Vijana thelathini na wanane, na hakuna aliyecheka. Chancelvie, macho kwenye ukuta mtupu, akasema anapiga magoti, lakini goti moja tu.

Nikaelewa hapohapo. Wino mwekundu, ubao mtupu, yale maswali ya nani amesimama wapi. Paulin alikuwa haoni.

Nilipoinuka, benchi ikalia. Wanafunzi wote wakageuka. Sijawahi kutazamwa kwa mashaka namna ile, utadhani nimekuja kuiba. Paulin akauliza ni nani. Chancelvie akajibu haraka kwamba ni Merdi, amebadilisha nafasi.

"Hapana," Paulin akasema. "Ni préfet. Iko humu tangu mwanzo, nilisikia viatu."

Nikaenda mbele, nikamnong'oneza kwamba umeme umekatika, kwamba ukutani hakuna picha. Akasema anajua, alisikia feni ya projekta ikinyamaza. Alitaka kupima kama watoto wamelishika onyesho hilo kiasi cha kuliona bila picha. Nikamuuliza tangu lini. Akasema ilianza wakati wa mvua za mwaka jana, kwanza herufi, halafu nyuso. Kitabu hakimwambii kitu tena, lakini waigizaji anawasikia, na yale yasiyosikika watoto humwambia. Maelezo ya wino mwekundu ni yake. Chancelvie humsomea kazi, na kuandika anayoambiwa.

"Na juu ya nini haukuniambia?" nikauliza. Iliniuma sana.

"Juu ungeandika," akasema, bila hasira.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, na karatasi ikatoa sauti.

"Kumbe umeisha kuandika," akasema. "Basi, unisomee. Na bao basikie," akaongeza, akiwaelekezea wanafunzi mkono.

Nikaifungua. Nilisoma jina lake, nikasoma tarehe. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba mwalimu huyu hawafundishi wanafunzi wake kitu chochote. Niliisoma kwa sauti ndogo, nikiwa nimeinamia karatasi.

"Rudia polepole, préfet," akasema Paulin. "Ba nyuma habakusikia."